Kupanga raundi za chesi kwa programu: kagua kabla ya kubofya

Programu ya mashindano ya chesi ikipanga wapinzani wa ajabu, mara nyingi kosa liko kwenye taarifa ilizopewa: tokeo lililogeuzwa, mchezaji aliyeondoka bila kufutwa, reitingi (namba ya kiwango cha mchezaji) ya orodha isiyohusika. Swiss-Manager na Vega, zote mbili zimeidhinishwa na FIDE, shirikisho la chesi duniani, zina menyu tofauti lakini hatua zake zinafanana.

Anza na idadi ya raundi. Katika mfumo wa Uswisi, ambapo kila raundi hukutanisha wenye pointi sawa au zinazokaribiana, wachezaji 32 wanahitaji angalau raundi 5, na 64 raundi 6, ili wenye pointi zote wasizidi mmoja. Wakiwa 8 tu, ni afadhali kila mtu acheze na kila mtu kwa raundi 7. Ukilazimisha Uswisi wa raundi nyingi kwa watu wachache, programu itafika mahali ikose jozi halali, kwa kuwa wawili waliokwisha kucheza hawaruhusiwi kukutana tena.

Reitingi za FIDE ziko tatu: ya mchezo mrefu, ya rapidi na ya blitzi. Ili ujue utumie ipi, chukua muda wa msingi, ongeza sekunde za nyongeza ya kila hatua ya mchezo mara 60. Dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 ni dakika 25, hivyo ni rapidi. Jumla ikiwa dakika 10 au pungufu ni blitzi. Mtafute kila mchezaji kwa namba yake ya FIDE, usitegemee jina, maana majina hufanana.

Usipange raundi ya kwanza kabla ya kuhakiki nani yupo ukumbini. Asiyefika akibaki kwenye orodha, mpinzani wake atapata pointi bila kucheza, naye alikuja kucheza. Anayechelewa mwingize kuanzia raundi ya pili, na raundi aliyokosa apate 0.

Raundi ya kwanza huwakutanisha nusu ya juu na nusu ya chini ya orodha iliyopangwa kwa reitingi. Wakiwa 31, namba 1 hucheza na 16, namba 2 na 17, na namba 31 hupata bai, yaani hupita bila kucheza na kupewa pointi 1. Mtu hapewi bai ya namna hiyo mara mbili.

Kuingiza matokeo ndiko kunakotaka umakini kuliko yote. Pokea karatasi iliyosainiwa na wachezaji wote wawili. Mmoja asome namba ya meza na tokeo, mwingine aandike. Jina la kwanza kwenye jozi ni la mwenye kete nyeupe, kwa hiyo 1-0 ni ushindi wa nyeupe, hata kama karatasi imeletwa na aliyecheza nyeusi. Kisha jumlisha: kwa mfano wetu wa wachezaji 31, meza 15 hutoa pointi 15, na bai moja hufanya 16. Jumla isipolingana, usiendelee. Jumla haigundui tokeo lililogeuzwa, ndiyo maana orodha ibandikwe ukutani wachezaji waikague.

Mpinzani asipotokea, usiandike 1-0. Tumia alama ya + kwa aliyefika na - kwa asiyefika. Ukiandika 1-0, programu itauhesabu kuwa mchezo uliochezwa: utaingia kwenye reitingi, utaingia katika hesabu ya nani amecheza nyeupe au nyeusi mara ngapi, na utazuia wawili hao kupangwa tena.

Kabla ya kupanga raundi inayofuata, weka waliojitoa na walioomba kupumzika kwa nusu pointi. Hifadhi nakala mbili za faili kwenye flashi, moja baada ya matokeo na nyingine baada ya kupanga, kwa majina kama R3-matokeo na R4-jozi. Umeme ukikatika, utaweza kuendelea kutoka pale ulipoishia.

Wachezaji watalalamika kupewa nyeusi mara mbili mfululizo. Hilo linaruhusiwa. Kinachozuiwa ni mara tatu mfululizo, isipokuwa raundi ya mwisho kwa wenye zaidi ya nusu ya pointi. Usibadilishe jozi kwa mkono ili kumridhisha mtu, maana unavuruga hesabu ya rangi ya raundi zijazo. Na kosa la tokeo likigunduliwa wakati raundi inayofuata inachezwa, lisahihishe lakini waache wachezaji kwenye meza zao. Marekebisho yatafanya kazi katika upangaji unaofuata.

Vigezo vya kutenganisha wenye pointi sawa vitangazwe kabla ya hatua ya kwanza kuchezwa. Mpangilio unaofaa ni Buchholz bila mpinzani wa chini kabisa, kisha Buchholz kamili, kisha Sonneborn-Berger (pointi za uliowashinda na nusu ya pointi za uliotoka nao sare). Buchholz hujumlisha pointi za wapinzani na ina kanuni yake kwa michezo isiyochezwa, hivyo + uliyoiandika kama 1 inaweza kuhamisha zawadi. Bandika msimamo wa mwisho, subiri malalamiko yaishe, ndipo utoe zawadi na kutengeneza faili ya TRF, yaani ripoti ya mashindano ya kupeleka FIDE.