Mtutu wa inchi ngapi, gesi ya urefu gani? Kuchagua kabla ya kuunda AR-15

Ndugu zangu wa hapa Texas wakianza kununua vipande vya AR-15, bunduki ya begani inayojipakia yenyewe, swali la kwanza huwa lile lile: mtutu mzuri ni upi? Mimi huwajibu kwa swali: tundu la gesi, yaani kijitundu cha mtutu kinachopitisha gesi ya baruti, liko wapi? Mitutu miwili ya urefu sawa na chuma kile kile inaweza kuwa bunduki mbili tofauti kabisa begani, kwa sababu tu tundu moja limetobolewa inchi mbili mbele ya jingine.

Hatua ya 1: Hakikisha unaruhusiwa

Hii haina mzaha. Mwenye viza ya muda, kama ya masomo au utalii, kwa sheria ya serikali kuu ya Marekani haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, ila kwa misamaha michache kama ya mwenye leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hazuiwi na kifungu hicho. Kipande kinachohesabiwa kuwa bunduki ni kile cha chini chenye namba, na dukani unakinunua kwa muuzaji mwenye leseni baada ya kukaguliwa rekodi zako. Baadhi ya majimbo, kama California, New York na Illinois, yana masharti makali zaidi kuhusu bunduki hizi, kwa hiyo soma sheria ya kwako. Na tafadhali, usitie mtutu wala kipande chochote kwenye kontena la kwenda Mombasa au Dar es Salaam. Kutoa vipande hivyo nje ya Marekani kunadhibitiwa na sheria, na huko nyumbani navyo ni kesi.

Hatua ya 2: Amua kazi, ndipo urefu

Sheria ya mwaka 1934 inataka mtutu wa bunduki ya begani uwe na inchi 16 au zaidi. Mfupi zaidi ya hapo unahitaji usajili maalumu. Urefu hupimwa bolti, kipande kinachoziba mtutu kwa nyuma, ikiwa imefungwa, kwa kijiti kinachoingizwa mdomoni hadi kigote uso wa bolti. Kiwambo cha mdomoni hakihesabiwi mpaka kiwe kimefungwa cha kudumu.

Kwangu kazi kubwa ni nguruwe mwitu, wanaofukua mashamba usiku. Wengi huwapata ndani ya mita 150. Kwa masafa hayo inchi 16 inatosha, na ni nyepesi kushukia na kupandia gari. Ukiwa mtu wa shabaha za mita 400 na kuendelea, fikiria 18 au 20. Kila inchi unayopunguza huondoa mwendo wa risasi, kwa kawaida mita 8 hadi 15 kwa sekunde, na inapofika mbali upungufu huo unauona kwa macho.

Hatua ya 3: Linganisha mifumo ya gesi

Hapa ndipo utulie, usome mara mbili.

Katika muundo wa Eugene Stoner, aliyebuni AR-15, risasi ikishapita tundu lililo juu ya mtutu, sehemu ya gesi ya baruti huingia humo, hurudi nyuma kwa bomba jembamba na kusukuma kibeba bolti. Ganda linatoka, risasi mpya inaingia. Gesi huendelea kusukuma mpaka risasi itoke mdomoni. Ikitoka, shinikizo linaanguka. Kwa hiyo mambo mawili yanatawala: tundu liko karibu kiasi gani na chemba, mahali risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ambako shinikizo ni kali, na risasi inasafiri umbali gani baada ya tundu.

Ukipima kuanzia uso wa bolti, mfumo wa kabaini, yaani mfupi, una tundu kwenye karibu inchi 8, mfumo wa kati karibu inchi 10, na mfumo mrefu inchi 13 na kidogo. Sasa piga hesabu. M16, bunduki ya jeshi ya muundo huu, ya inchi 20 yenye mfumo mrefu inabakiwa na karibu inchi 7 mbele ya tundu. M4 ya jeshi, inchi 14.5 na mfumo wa kabaini, nayo inabakiwa na karibu 7. Raia akiuziwa inchi 16 yenye mfumo wa kabaini, zinabaki zaidi ya 8, na tundu bado liko kwenye shinikizo kali. Bolti inafunguka kwa haraka na kwa nguvu wakati ganda bado limebana ukuta wa chemba.

Mtutu wangu wa kwanza ulikuwa huo. Juu ya hilo, aliyeutengeneza alikuwa ametoboa tundu pana mno. Bunduki ilinipiga teke kuliko AR-15 inavyostahili, na maganda yalitoka kingo zimekwaruzwa na kung'olewa. Nilibadilisha bafa, uzito ulio kitakoni unaopunguza kasi ya bolti ikirudi nyuma, na springi yake, nikapata nafuu kidogo tu. Ugonjwa ulikuwa kwenye mtutu.

Inchi 16 yenye mfumo wa kati inabakiwa na inchi 6 na kidogo. Teke ni laini, vipande vinadumu, na risasi za kawaida zinaizungusha vizuri, yaani zinatoa ganda na kuingiza risasi mpya. Kwa mtu anayeunda bunduki moja, hii ndiyo ninayomshauri bila kusita. Inchi 18 na mfumo mrefu ni laini zaidi, lakini zimebaki chini ya inchi 5, hivyo risasi dhaifu kwenye baridi kali zinaweza kushindwa kuizungusha ikiwa tundu ni dogo.

Ukitarajia kufunga kiwambo cha kupunguza sauti, kumbuka kinarudisha gesi nyuma. Hapo bloku ya gesi, kipande kinachokaa juu ya tundu na kupeleka gesi kwenye bomba, ikiwa na skrubu ya kurekebisha ina thamani yake.

Hatua ya 4: Chemba, msokoto na chuma

5.56 ya jeshi na .223 ya kiraia ni risasi zinazofanana sana. Chemba ya 5.56 inapokea risasi za .223 pia, lakini usitie 5.56 kwenye chemba ya .223, kwa sababu shinikizo linaweza kupanda kupita kiasi. Chemba ya .223 Wylde inapokea zote mbili. Msokoto wa 1:8, yaani mifereji ya ndani ya mtutu inayozunguka mara moja kila inchi 8, unatuliza risasi za uzito wa greni 55 hadi 77, na sioni sababu ya kuhangaika zaidi ya hapo. Chuma kilichopakwa kromu ndani kinavumilia joto na unyevu. Chuma cha pua hupendwa na watu wa shabaha.

Pima kipenyo cha mahali bloku inapokaa kabla ya kuagiza. Inchi 0.750 ndiyo imeenea, lakini mitutu myembamba hutumia 0.625. Bomba la gesi nalo linunue la mfumo ule ule wa mtutu.

Hatua ya 5: Isome uwanjani

Anza na bafa ya kawaida ya wakia 3. Tia risasi moja tu kwenye magazini, piga, uone kama bolti inabaki nyuma. Rudia mara tano. Kisha jaza kumi na uangalie maganda yanapoangukia. Jiweke katikati ya uso wa saa, mdomo wa bunduki ukielekea tarakimu 12. Maganda yakienda kati ya 3 na 4, na nasema tarakimu, si saa tatu ya Kiswahili, gesi iko sawa. Yakirushwa mbele kwenye 1 au 2, mara nyingi gesi imezidi: panda kwenye bafa nzito ya H, wakia 3.8, kisha H2 iliyo nzito zaidi. Yakianguka legelege kwenye 5 na bolti haibaki nyuma, gesi ni pungufu. Kabla hujalaumu tundu, kagua kama bloku imesogea, maana ikihama hata kidogo inalifunika.