Bilinganya za uani: kuanzia kitaluni hadi jikoni

Bilinganya haina makuu ikipata jua. Chini ya mwembe, sahau. Itarefuka tu bila kuzaa.

1. Kitalu. Sia mbegu (aina ya Black Beauty hupatikana kwa urahisi madukani) kwenye beseni bovu lililotobolewa, kina cha sentimita 1. Miche hukaa wiki 4 hadi 6. Siku za mwisho punguza maji, iache ipigwe jua ikomae.

2. Eneo. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Usipande palipotoka nyanya, pilipili, nyanya chungu wala viazi mviringo. Wote ni ukoo mmoja na bilinganya, na ugonjwa wa mnyauko bakteria hubaki ardhini ukimsubiri ndugu anayefuata. Palipotoka mahindi ni pazuri. Huna uwanja? Ndoo ya lita 20 iliyotobolewa inatosha mche mmoja.

3. Kupandikiza. Fanya jioni. Changanya udongo wa shimo na samadi iliyooza, mbichi inaunguza. Nafasi ni sentimita 60 kwa 75. Mwagilia, tandaza nyasi kavu, zisiguse shina.

4. Kuvuna. Baada ya miezi 2 hadi 3. Bonyeza tunda kwa kidole gumba: likiwa gumu bado, likibonyea na kurudi taratibu kata. Ngozi ikishafubaa, umechelewa. Ndani ni mbegu na uchungu. Tumia kisu, acha kikonyo, na angalia miiba yake.

Maswali

Mwalimu, mche umelala ghafla, majani bado kijani na maji napiga kila siku. Niongeze mbolea?
Hapana, dada. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zinashuka, ni mnyauko bakteria, na hauna dawa. Ng'oa, choma, usitupe kwenye mboji.

Maua yanapukutika, kaka. Tatizo nini?
Mara nyingi joto kali au maji ya kubahatisha. Mwagilia kwa mpangilio, na asubuhi tikisa matawi kidogo, chavua idondoke.

Vidudu vidogo vyekundu na utando chini ya majani?
Utitiri. Hupenda kiangazi na vumbi. Piga maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, kisha jioni nyunyiza mwarobaini. Rudia.

Naweza kutoa mbegu kwenye bilinganya ya sokoni?
Ile imevunwa changa, haitaota. Acha tunda moja mtini mpaka ligeuke njano ya kahawia. Kama mbegu yako ni chotara, watoto hawatafanana na mama.