Boti ya faiba iliyopauka: jaribu kompaundi kabla ya rangi

Boti yako ya faiba ikianza kuacha unga mweupe kiganjani, usikimbilie kupaka rangi. Jelikoti, yaani ile ngozi ya nje inayong'aa, mara nyingi imeharibiwa na jua juujuu tu. Ilowanishe maji: rangi ikikolea tena, bado inaokoleka.

Ioshe kwa sabuni na maji yasiyo na chumvi, ikauke, kisha fanyia kazi kivulini. Isugue kwa kompaundi ya jelikoti, yaani dawa nzito yenye chembe laini za kusugulia, ukitumia mashine ya polishi kwa mwendo wa taratibu, eneo dogodogo, bila kutulia mahali pamoja, maana joto huunguza. Msasa wa maji, namba 1000 kisha 2000, ushike pale tu kompaundi iliposhindwa. Jelikoti ina unene wa kama nusu milimita, na kwenye kona huisha upesi sana. Huko tumia mkono. Ukiona nyuzi za faiba, acha, muite fundi.

Malizia na nta. Wengi huiruka, na boti hupauka tena mapema! Paka mara mbili, urudie kila baada ya miezi michache.