Viunzi vya PCL vyenye vitundu kwa njia ya chumvi: namna ya kuhakikisha chumvi imetoka yote

Mwenzangu mmoja wa maabara alikuwa akipanda seli kwenye viunzi vyake (vipande vya polima vyenye vitundu ambamo seli huoteshwa), kesho yake anazikuta zimekufa. Maji ya kuoshea aliyapima, yakaonekana safi. Tatizo halikuwa kwenye maji, bali chumvi iliyofungiwa ndani ya viunzi, ndiyo maana hatua ya 4 ni ndefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Polima

Anza na polikaprolaktoni (PCL). Wengi hukimbilia PLGA (polima ya asidi laktiki na asidi glikoliki) kwa kuwa ile ya 50:50, yaani nusu kwa nusu, humong'onyoka kwa mwezi mmoja hadi miwili, ilhali PCL huchukua miaka miwili na zaidi. Kwa anayejifunza, PLGA ni msumbufu: hata unyevu wa hewa ukiingia kwenye chupa huanza kuikatakata minyororo yake.

Hatua ya 2: Chumvi

Chekecha, ubaki na chembe za mikroni 250 hadi 425. Ukubwa wa chembe ndio ukubwa wa vitundu. Chumvi iwe kavu.

Hatua ya 3: Kuchanganya

Yeyusha gramu 1 ya PCL katika mililita 5 za klorofomu, ndani ya kabati la kufyonza mvuke, kwenye chombo cha kioo. Sahani za plastiki za kuoteshea seli zitayeyuka. Ongeza gramu 9 za chumvi, ukoroge mpaka rojo lishikamane kama udongo wa mfinyanzi, kisha lishindilie kwenye umbo la Teflon. Rojo likiwa jepesi, chumvi huzama na juu hubaki utando wa polima tupu.

Asilimia 90 kwa uzito si asilimia 90 ya vitundu. Chumvi ni nzito kuliko PCL (gramu 2.16 dhidi ya takriban 1.14 kwa sentimita ya ujazo), hivyo utapata kama asilimia 83. Ukishuka chini ya asilimia 70 kwa uzito, chembe nyingi hazigusani, na kila moja hufungiwa peke yake.

Acha klorofomu iruke usiku kucha, kisha malizia kwenye ombwe.

Hatua ya 4: Kutoa chumvi

Kwanza kata utando wa juu na wa chini kwa wembe. Usipoukata, maji hayana mlango. Kata visahani visivyozidi milimita 3 kwa unene, na upime uzito wa kila kimoja kabla hakijagusa maji.

PCL haipendi maji. Ukiitumbukiza moja kwa moja, hewa hukwama vitunduni. Loweka kwanza kwenye ethanoli ya asilimia 70, uweke kwenye ombwe hafifu mpaka mapovu yakome, ndipo uhamishie kwenye maji yaliyokenekwa. Badilisha maji kila saa 8 kwa saa 48. Usiyachemshe: PCL huyeyuka kwenye 60°C.

Sasa kipimo. Watu hutia nitrati ya fedha kwenye maji, wasipoona weupe wanashangilia. Weupe ukikosekana, maana yake hakuna chumvi inayotoka. Iliyofungiwa ndani haipimwi hivyo. Mimi naamini mizani. Kausha kisahani kabisa: kilichokuwa gramu 0.50 kirudi karibu na 0.05. Kikisoma 0.09, kuna chumvi ndani, au hakijakauka. Ukibaki na shaka, toa kipande kimoja sadaka ukiyeyushe kwenye klorofomu. Polima itayeyuka, chumvi itatuama chini, utaiona kwa macho.

Ikiwepo, kuongeza siku za kuosha hakusaidii sana. Punguza unene wa visahani, au rudi hatua ya 3 uongeze chumvi.

Hatua ya 5: Kuua vijidudu

Otoklevu (mtungi wa mvuke wa moto) hapana, 121°C itakuachia bonge. Kwa seli za kwenye sahani, ethanoli ya asilimia 70 inatosha, ingawa haiui spora (umbo sugu la bakteria). Kinachokwenda kupandikizwa kwa mnyama kipelekwe kwenye gesi ya ethilini oksaidi, kisha kipewe muda gesi itoke. Suuza mara tatu kwa PBS (maji ya chumvi na fosfeti yasiyodhuru seli) bila kukiacha kikauke, maana hewa itarudi vitunduni, halafu kiloweke kwenye chakula cha seli usiku kucha kabla ya kupanda.