Ukame Ukiingia, Mtazame Mmea Alfajiri

Mkulima akiona mahindi yake yamejikunja saa saba mchana, moyo humruka. Wengi hukimbilia ndoo. Lakini jani linalojikunja wakati wa jua kali linajilinda tu, linapunguza eneo linalopigwa na jua na upepo. Rudi shambani alfajiri, kabla jua halijachomoza. Ukikuta majani yamekunjuka, mizizi imepata maji usiku na mmea unaweza kusubiri. Ukiyakuta bado yamejikunja, udongo wa chini umekwisha maji, na kila siku inayopita inapunguza mavuno. Ningekuwa na ushauri mmoja tu wa kumpa mkulima, ningempa huo wa alfajiri.

Jani lina matundu madogo mno, yaitwayo stomata, ambayo jicho tupu halioni. Hewa ya kaboni ambayo mmea huitumia kutengeneza chakula huingia humo, na maji hutoka humo humo kama mvuke. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayofyonzwa na mizizi hupotelea angani kwa njia hiyo. Udongo ukianza kukauka, mmea hutengeneza homoni iitwayo asidi ya absisiki, na matundu hufungwa. Maji yanaokolewa, lakini chakula nacho kinakoma kutengenezwa. Kwa hiyo mmea uliokaa kwenye ukame wiki mbili una kiu na njaa pamoja.

Mazao hayafanani katika kuvumilia. Mtama una nta juu ya majani, na unaweza kusimamisha ukuaji kisha ukaendelea mvua ikirudi. Muhogo huangusha majani na kungoja. Mbaazi hupeleka mzizi chini hata kupita mita 2. Mkonge na nanasi hufungua matundu usiku, hewa ikiwa ya baridi, na mchana huyafunga.

Mahindi ndiyo yasiyo na subira, hasa yakichanua. Ukame ukiyapata hapo, mbelewele, yaani maua ya kiume yaliyo kileleni, humwaga chavua kwa wakati wake, lakini ndevu za gunzi huchelewa kutoka. Zikitoka, chavua imekwisha, na gunzi hubaki na mapengo. Wiki mbili kabla ya ndevu kutoka na wiki mbili baada yake ndizo zenye hatari zaidi. Kama una maji kidogo ya kumwagilia, usiyatawanye msimu mzima. Yaweke kwa ajili ya wiki hizo. Na unapochagua mbegu na tarehe ya kupanda, hesabu siku hadi kuchanua, ili wiki hizo zisiangukie kwenye kipindi ambacho mvua hukatika.

Hata hivyo, uvumilivu wa mmea huamuliwa mapema zaidi, chini ya ardhi, katika wiki za mwanzo. Mzizi hufuata unyevu. Ukimwagilia kidogo kila siku, unyevu hubaki juu na mizizi hubaki juu pamoja nao. Jua la siku tatu linatosha kuiumbua. Mwagilia kwa wingi, maji yazame, kisha acha siku kadhaa. Miche ya kitaluni nayo ipunguziwe maji taratibu siku 7 hadi 10 kabla ya kuhamishwa, ikomae.

Kuna mashamba ambayo mzizi unataka kushuka lakini hauna njia. Kulima kila mwaka kwa kina kile kile hutengeneza tabaka gumu chini ya jembe. Chimba shimo pembeni mwa mmea uangalie: mizizi ikikata kona na kwenda ubavuni kama iliyogonga sakafu, tabaka lipo. Livunje wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mkavu, maana ukiwa mbichi chombo hupita bila kuupasua. Nimewaona wakulima wakibadilisha mbegu mara tatu, huku shida ikiwa hapo, kiganja kimoja chini ya jembe lao.

Mvua ya milimita 1 ni lita 10,000 kwa hekta. Maji hayo yakitiririka kwenda mtoni, hasara ni kubwa kuliko inavyoonekana. Fanya matuta yenye vizuizi katikati, au mashimo ya kupandia yenye samadi. Funika udongo kwa matandazo, na palilia mapema, kwa sababu gugu linakunywa kabla ya zao lako. Mbolea ya kukuzia usiiweke kwenye udongo mkavu. Mmea hauwezi kuifyonza, na urea iliyoachwa juu ya ardhi hupotea hewani. Nitrojeni nyingi mno mwanzoni nayo huzaa majani mapana yanayomaliza maji haraka. Potasiamu ni muhimu, kwa kuwa ndiyo inayoendesha kufunguka na kufungwa kwa stomata.

Shamba likishindikana kabisa, wengi huingiza ng'ombe wale mabua. Hapa naomba uangalifu wa hali ya juu. Mtama ulionyauka, na hasa machipukizi yanayotoka mvua ikirudi, huwa na sumu ya sianidi inayoweza kuua ng'ombe kwa muda mfupi. Usilishe machipukizi hayo hadi yavuke urefu wa sentimita 60. Ukiukata mtama na kuukausha vizuri, sianidi hupungua. Mahindi na mtama wa ukame hujaza pia naitreti, chumvi ya nitrojeni ambayo ikizidi ni sumu kwa mifugo, zaidi katika sehemu ya chini ya bua, na hiyo haipungui kwa kukaushwa. Kata juu, acha kisiki cha sentimita 30, na usiwalishe wanyama wenye njaa kali malisho hayo peke yake. Changanya na nyasi kavu, uanze kwa kiasi kidogo.