Ukiwa peke yako Dar, siku moja ya sanaa

Asubuhi anza Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert. Usikimbilie kumaliza vyumba vyote. Chagua vitu vitatu tu, simama mbele ya kila kimoja mpaka uchoke. Ukitoka, Bustani ya Mimea ipo jirani. Kaa kivulini na daftari lako. Simu izime, kama unaweza (mimi huwa nashindwa).

Mchana panda bajaji hadi Oysterbay, Morogoro Stores, kwa wachoraji wa Tingatinga, mtindo wa uchoraji wenye jina la mwanzilishi wake. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968 kwa rangi ya kupaka baiskeli, na hadi leo harufu ya rangi ya mafuta inakupokea kabla hujaona picha. Nenda nyuma ya meza za kuuzia, wanakochora. Omba ruhusa, kaa, tazama. Mtu mmoja anaweza kumaliza nusu saa akidondosha nukta kwenye mgongo wa chui, kwanza kwa brashi, kisha kwa kijiti.

Ukinunua, gusa pembeni kwanza: ikinata, haijakauka. Ikikauka, iviringishwe upande wa rangi ukitazama nje.