Kutoka kisiwani hadi uprofesa wa maumivu: njia ya fizio kwa vijana wa Lamu na Malindi

Vijana wakimaliza fomu foo huwa wananiuliza, nataka kusomea fizio (tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono), tena nataka nifike nifundishe chuo kikuu na nitafiti mambo ya maumivu na ubongo, skolashipu zapatikana wapi? Skolashipu ni ya mwisho bana. Kwanza tafuta swali. Mtu mwenye swali lake la kweli hata profesa wa mbali anajibu imeili yake, asokuwa nalo atazunguka nchi za watu na arudi na cheti.

Sasa swali lenyewe latoka wapi. Hapa kwetu watu karibu wote, na wahudumu wa afya baadhi yao wamo, wanaamini maumivu ni kipimo cha kiungo kilivyoharibika, yaani ukiumwa sana basi umeharibika sana. Sio hivo. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walileta nadharia ya lango, kwamba kwenye uti wa mgongo habari za maumivu zinaweza kupunguzwa au kuongezwa kabla hazijapanda kwenye ubongo, ndo maana ukijigonga mguu mkono unakimbilia kupasugua. 1983 Clifford Woolf akaonyesha kuwa jeraha linaweza kuufanya uti wa mgongo wenyewe uwe mwepesi wa kushtuka, kitu kidogo kikauma kama kikubwa. Halafu 1997 maabara ya David Julius ikakitambua kipokezi kinachoshtuliwa na pilipili, na ni hichohicho kinachohisi joto kali (kwa hivo ukila viazi karai na pilipili mdomo ukawaka, mishipa yako haikudanganyi sana), na 2021 akapewa Nobel pamoja na Ardem Patapoutian.

Lakini kinachonigusa mimi zaidi ni hesabu moja ya 2015, watafiti walikusanya picha za migongo ya watu 3,110 ambao hawaumwi kabisa, wakakuta dalili za kuchakaa kwa diski, ile mito ya kati ya pingili, kwa 37% ya wenye miaka 20 na 96% ya wenye miaka 80. Hawaumwi! Sasa mchukue hamali wa Mokowe, gati ya bara ya kuvukia Lamu, anayebeba simiti, mgongo umemshika, amepigwa picha, ameambiwa pingili zimelika na asibebe tena kitu maisha yake yote, anarudi nyumbani analala, anaogopa hata kuinama kuvaa viatu. Mwenzake mzigo ni uleule, umri uleule, naye mgongo ulimshika, wiki chache tu amerudi gatini kazini. Kwa nini? Ni mgongo, ni deni la duka, ni usingizi, au ni yale maneno alioambiwa? Hilo ni swali la PhD kabisa, na kwa swali hilo kukaa Lamu ni faida kuliko kukaa London.

Njia sasa. Shule usiitupe fizikia na bayolojia. Kuna dipoloma ya KMTC, chuo cha serikali cha mafunzo ya tiba, na kuna digrii, chuo kikuu cha JKUAT kwa mfano. Dipoloma si aibu wala si mwisho wa barabara ila itakurefushia safari, ukiweza digrii chukua digrii. Baadae ni intanshipu na leseni ya baraza la wanafizio, lile lililoundwa na sheria ya 2014, bila hio usimguse mgonjwa.

Hapo wengi wanataka kuruka moja kwa moja kwenye masta. Mimi nasema ngoja, fanya kazi wodini miaka miwili mitatu. Msomi wa maumivu ambae hajawahi kukaa na mzee wa kiharusi anaelia na bega maswali yake huwa mepesi. Na usiwadharau wanaokwenda kukandwa na kupigwa chuku, muulize mgonjwa kwa adabu, “Shikamoo baba, ulipokandwa ulisikiaje?” utaambiwa mambo ambayo fomu ya hospitali haina nafasi yake.

Wakati huohuo soma. PEDro, hazina ya tafiti mtandaoni, ni bure na ni ya fizio hasa, PubMed, hazina ya tafiti za tiba kwa jumla, nayo kutafuta ni bure, makala moja kwa wiki yatosha bora uimalize, na hasa sehemu ya mbinu ambayo watu wanairuka. Jifunze takwimu mapema, programu ya R ya kuzipigia hesabu hailipishwi. Weka daftari la mambo unayoyaona lakini bila majina ya watu, na ujue daftari hilo si data, ukitaka kutafiti wagonjwa lazima kamati ya maadili ipitishe na uwe na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Kilifi hapo, karibu kwa mtu wa Malindi, kuna KEMRI-Wellcome, kituo cha utafiti wa afya, tangu 1989. Sio watu wa fizio lakini kazi ya ukusanyaji data pale ni shule tosha, nafasi zikitangazwa omba.

Masta, wengi wanatazama vyuo vikuu vya Afrika Kusini: Western Cape, Stellenbosch, na Cape Town ambako Romy Parker, mwanafizio, alifika kuwa profesa wa maumivu. PhD pia Uingereza kuna skolashipu za Commonwealth, yaani Jumuiya ya Madola, ila angalia kwanza kama Mkenya anaruhusiwa kuomba. Chagua supavaiza kabla ya chuo, jina kubwa la chuo halitakusomea rasimu yako.

Imeili ya kwanza iwe fupi, mistari minane hivi. Wewe ni nani na unatibu wapi, umeona nini, makala yake gani umeisoma na ni kipi hakijajibiwa humo, swali lako sentensi moja, halafu uliza kama anachukua wanafunzi mwaka ujao. Usimwandikie “dear sir/madam” na usitume ileile kwa watu ishirini, wanajuana hao. Asipojibu wiki tatu mkumbushe mara moja, akinyamaza tena nenda kwa mwengine.

Ukishapata masta unaweza kuanza kufundisha chuo kikuu kama tutorial fellow, yaani mwalimu wa ngazi ya chini, huku unasoma PhD, mshahara si wa kujisifia, kwa hivo siku mbili kwa wiki za kutibu kliniki usiziwache.